Gari Lililotoka kwa Namba ya Kaka

Niliwaacha wiki jana nikiwa mlangoni mwa kituo cha polisi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kwa sababu kamba yake ilikatika nikikimbia. Wapo walioniandikia kuuliza kama nilipata viatu vingine. Sikupata. Yote nitakayowasimulia leo yalinikuta nikichechemea.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, mambo ni haya kwa kifupi. Nafanya kazi kwenye geti la maegesho ya jengo moja kubwa, maduka chini, ofisi juu. Zamani nilikuwa nikitoa tiketi, ndiyo maana wananiita Bi Tiketi mpaka leo, ingawa tiketi zenyewe zilishakufa. Zikaja kamera. Gari likikaribia, kamera inasoma namba na kizuizi kinainuka. Likitaka kutoka, kamera inaisoma tena. Dereva akiwa amelipa, anapita. Akiwa hajalipa, kizuizi kinabaki chini naye ananitukana mimi, si kamera.

Wenzangu wote walipunguzwa kazi. Nikabaki peke yangu kwenye kibanda cha kioo, kuisaidia kamera pale inapokwama.

Ndipo gari la daktari wa meno wa ghorofa ya tatu likatoweka. Kompyuta inasema halijatoka. Nafasi yake ni tupu. Lakini kwenye karatasi ya magari yaliyotoka siku hiyo, siku ya mvua kubwa, kulikuwa na namba moja ambayo haikuwa imeingia kabisa. Ni namba ya teksi ya kaka yangu. Polisi walimfuata nyumbani, wakamchukua mswaki ukiwa bado mdomoni.

Kaka yangu ndiye aliyenilea. Baba alipofariki, yeye aliacha shule akashika usukani ili mimi niendelee kushika kalamu. Ukiniambia kaka ni mwizi, umeniambia baba yangu amefufuka akaenda kuiba.

Haya, tuendelee.

Askari wa zamu alinihurumia, labda kwa ajili ya kiatu, akaniruhusu niongee na kaka kupitia nondo.

"Mbona una kiatu kimoja?" kaka akaniuliza. "Au na wewe wameanza kukupekua?"

Nilicheka, kisha nikalia. Ndivyo alivyo kaka. Hata kaburini atamtania mchimbaji.

"Kaka, niambie. Namba yako ilifikaje getini kwetu?"

"Sasa mimi nitajuaje, mdogo wangu? Siku ile si nilikuwa nimelala na homa? Gari lenyewe liko gereji, halina hata tairi za mbele. Litafikaje huko, kwa kutambaa?"

Ni kweli. Tairi zile niliziona kwa macho yangu, zimeegemezwa ukutani pale gereji.

Kaka akasogea karibu, akashusha sauti. "Lakini ngoja. Si wewe uliyetusimulia siku moja tunakula, ukacheka mpaka ukapaliwa, kwamba mvua ikinyesha huwa unaandika namba yangu?"

Nikashika nondo.

Naomba niwaeleze vizuri, maana hapa ndipo mkokoteni wangu ulipopinduka. Kila mfanyakazi aliruhusiwa kuingiza gari moja kwenye kundi tunaloliita "wenyeji". Hayo hayaulizwi kitu. Namba yake ikionekana tu, kizuizi kinainuka. Mimi sina gari, wala baiskeli sina. Nikatoa namba ya teksi ya kaka ili aweze kuja kunichukua siku ambazo miguu imegoma.

Sasa mvua ikinyesha, vibao vya namba hujaa matope na kamera inakuwa kipofu. Dereva ameshalipa, malipo yake nimeyaona kwenye simu yake, lakini kizuizi hakiinuki. Nyuma yake honi, nyuma ya honi matusi. Maagizo yanasema umpigie fundi, umsubiri. Wewe utasubiri fundi na watu wazima wanakutajia mama yako?

Dawa yangu ilikuwa nyepesi. Naandika kwa mkono namba ya kaka, kizuizi kinainuka, foleni inasonga, kila mtu anakwenda kwake. Tangu kamera zilipoletwa, watu wote wa geti tulifanya hivyo, kila mmoja na namba yake ya kupitishia. Asiyelipa sikumpitisha hata mmoja. Nilijiona mjanja kweli.

"Kwa hiyo mwizi alipitia mkononi mwangu," nikasema.

"Mimi sijasema hivyo. Mimi nawaza tu."

"Kaka, mimi ndiye niliyekutia humu!"

Akapitisha vidole kwenye nondo, akanigusa shavu. "Usijilaumu. Wewe fanya utakavyoona. Mimi nitavumilia. Ila mwonee huruma mama."

Angeniomba moja kwa moja, pengine ningekaa nikafikiri. Hakuniomba. Ndivyo anavyojua kuniomba.

Nje, mama alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo, magoti yamebana shati lililokunjwa. Alishasema haondoki bila mwanawe, na askari walishachoka kumfukuza.

"Umemwona? Amekula?"

"Amekula, mama." Sijui kama alikula.

"Nimemletea shati lake la samawati. Asitoke na lile linalonuka mahabusu, watu wakapata la kusema." Akalipapasa kola. "Unajua hili alilifua mwenyewe? Siku ile ya mvua, na homa yake. Mimi narudi sokoni nimelowa, namkuta bafuni anasugua, maji mekundu kwa matope utafikiri anafua gunia. Kaka yako, kufua! Nikamwambia kesho jua litachomoza magharibi."

Tulicheka wote wawili pale kwenye ngazi. Kaka yangu na sabuni ni mbingu na ardhi. Mama akajifuta machozi kwa mkono wa lile shati, kisha akajuta, akaanza kuupangusa usichafuke.

"Mama, kaka anatoka leo," nikamwambia.

"Utamtoaje?"

"Nitasema ukweli."

"Basi kaseme. Ukweli haujawahi kumuua mtu."

Mama yangu hajawahi kufanya kazi getini.

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ya kusomea imeninginia kifuani kwa kamba. Mbele yake alikaa meneja wangu, amejipulizia manukato ya kutosha harusi nzima.

"Afande, mwachieni kaka yangu," nikasema hata kabla sijakaribishwa kiti. "Mwenye kosa ni mimi."

"Bi Tiketi," meneja akasema, "umelewa?"

"Bosi, ningekuwa mlevi ningekuja na viatu viwili."

Nikawaeleza yote, matope, honi, namba ya kaka. Meneja alikuwa akibadilika rangi kadiri ninavyoongea. Mpelelezi alinisikiliza tu, kalamu imelala.

"Una ushahidi gani?" akauliza.

"Karatasi yenu wenyewe, afande. Tazameni namba ya kaka siku ile. Imeingia mara ngapi?"

Akavaa miwani, akashuka na kidole. "Imetoka. Imetoka. Imetoka tena." Akafika chini. "Kuingia haipo."

"Sasa ni gari gani hilo linatoka tu bila kuingia? Hata mlevi huingia baa kwanza ndipo akatoka."

Mpelelezi akacheka. "Kumbe! Sisi tulidhani mashine imechanganyikiwa."

Meneja hakucheka. "Kwa hiyo mimi nanunua macho, wewe unayafumba," akaniambia. "Kazi huna. Hiyo fulana ya kampuni uivue."

"Hapa hapa?"

"Kesho uilete. Ikiwa imefuliwa."

Nilitegemea kuumia, sikuumia. Kazi ni kazi, kaka ni mmoja. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

"Sikia, dada," mpelelezi akasema, na safari hii kalamu ilikuwa mkononi. "Hilo gari la daktari lenyewe, uliliona likitoka?"

"Sikuliona, afande. Nilikuwa nabishana na dereva upande wa kuingilia, nakimbilia huku, narudi kule. Lakini litakuwa limepita humo humo."

"Litakuwa, au lilipita?"

Nikamkumbuka kaka na vidole vyake kwenye nondo. Nikaona kwamba nikisema "litakuwa" atalala ndani.

"Lilipita," nikasema. "Mimi ndiye niliyelifungulia."

"Kwa kuandika namba ya kaka yako, kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Akaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema. Wangu ulikuwa na haraka zaidi, haukusubiri hata kichwa kijue.

Kaka akaletwa. Wakamrudishia mkanda wake na simu yake. Alipoambiwa anakwenda nyumbani, alinikumbatia kichwa kama alivyokuwa akifanya nilipofaulu mitihani.

"Mdogo wangu," akasema. "Mdogo wangu wewe."

Nililia kwa furaha. Nasema wazi, katika miaka yangu yote sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda kaka kwa dakika ile.

Mlango ukagongwa. Akaingia fundi wa kamera, kompyuta kaikumbatia kifuani, anahema.

"Samahani, afande. Zile picha mlizoomba. Zilikuwa kwenye mtambo wa ofisi kuu, nimepata shida kuzitoa."

"Hazihitajiki tena," meneja akasema. "Mwizi wetu wa namba amejitaja."

"Nimeshaomba," mpelelezi akasema. "Acha nione nilichoomba."

Fundi akaweka kompyuta mezani. Mimi nilikuwa najua kamera inasoma, ila sikujua kwamba kila gari linalotoka hupigwa picha ikahifadhiwa. Hilo hatukuambiwa watu wa geti. Pengine waliona tutaanza kujipaka poda.

"Hizi ndizo zote zilizotoka kwa namba ile siku hiyo," fundi akaeleza. "Mnaona hapa pembeni pana alama ya mkono? Maana yake kamera ilishindwa, mtu akaandika."

Zikaanza kupita. Gari la mizigo limejaa matope. Alama ya mkono. Gari la mama mmoja ninayemfahamu, matope. Mkono. Lingine, mkono. Nilikuwa nikitikisa kichwa, "ndiyo, hilo ni mimi, na hilo ni mimi", kama mtu anayeonyeshwa picha za sherehe yake.

Likaja gari jeupe la daktari wa meno.

Pembeni hapakuwa na mkono. Palikuwa na jicho.

"Hili je?" mpelelezi akauliza.

"Hili halikuandikwa na mtu," fundi akasema. "Kamera imesoma yenyewe. Si unaona kibao kilivyo safi?"

Tukainama wote. Gari limetapakaa tope mpaka kwenye taa, lakini kibao cha namba kinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Namba ni ya kaka. Kioo cha mbele kina maji, dereva ni kivuli tu.

"Kibao cha bandia," meneja akasema.

Nilitamani kiwe cha bandia. Lakini fundi akaikuza picha, na mimi nikaona kona ya kushoto imepinda, pale kaka alipogonga nguzo. Nikaona na tundu lisilo na skrubu, limefungwa kwa kipande cha waya mwekundu.

Waya ule niliutoa mimi kwenye redio mbovu ya mama. Nilimfungia kaka kando ya barabara, yeye amenishikia mwavuli, ananiambia nina mikono ya fundi.

Kibao kile hakikuwa cha bandia. Kilitolewa kwenye teksi ya kaka kikafungwa kwenye gari la daktari, na gari la daktari likatoka kama mwenyeji, bila kuulizwa na mtu. Siku ya mvua. Siku ambayo namba ile ile ingekuwa imetapakaa kwenye karatasi nzima kwa mkono wangu, na lawama inajulikana itakaa wapi.

Ni watu wangapi duniani waliojua kwamba mvua ikinyesha naandika namba ya kaka? Wenzangu walikuwa na namba zao, yangu hawakuijua. Nilisimulia mara moja tu, tunakula, watu watatu mezani: mimi, mama na kaka.

Alisubiri mvua.

"Dada," mpelelezi akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kucheka. "Hapa umetia sahihi kwamba gari hili ulilifungulia kwa mkono. Mashine inasema hukuligusa. Mtu anakiri vipi jambo ambalo hakulifanya? Unamficha nani?"

Nikageuka nikamtazama kaka.

Sikumtazama kwa hasira. Nilimtazama kama zamani, nikiwa nimevunja kitu na ninangoja yeye aseme "ni mimi, mama". Alikuwa akisema hivyo kila mara. Aliwahi kuchapwa kwa chungu nilichokivunja mimi.

"Kaka, sema," nikamwambia.

Kaka alikuwa anavaa mkanda. Akatafuta tundu, akalikosa, akalitafuta tena.

"Afande," akasema, macho kwenye mkanda, "gari langu liko gereji, kila mtu anajua. Mimi nilikuwa kitandani na homa. Kile kibao huyu ndiye aliyekifunga kwa mkono wake, na aliyekifunga anajua kukifungua. Geti nalo ni lake. Ameshasema mwenyewe, ameandika, ametia sahihi. Sasa mimi niongeze nini?"

Alisema "huyu". Dakika chache nyuma nilikuwa mdogo wake.

Niliumia mpaka masikio yakaanza kulia. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini mimi nguo yenyewe nilishonewa na yeye. Meneja alikuwa anasema kitu kuhusu mtandao wa wezi, simsikii. Mpelelezi alikuwa amevuta karatasi yangu karibu yake, ameiwekea kiganja juu.

Nitawaambia jambo ambalo litawaudhi. Nilitaka kunyamaza. Nilijiambia, alikuacha usome, yeye akaacha. Alichapwa kwa ajili yako. Kalipe. Kinywa nilikifumba kabisa, nikainamisha kichwa, nikakitazama kiatu changu kilichobaki.

Mlango ukafunguka. Mama.

Nyuma yake askari wa zamu amenyoosha mikono kama mtu aliyeshindwa kuzuia maji. "Afande, amesema anampa shati tu kisha anatoka."

"Mwanangu!" Mama alikwenda moja kwa moja kwa kaka, akampapasa uso, mabega, kifua, anahakikisha hakuna kilichopungua. Kisha akanigeukia mimi, uso wote umefunguka. "Umemtoa kaka yako! Mungu akulipe, binti yangu. Nilijua utamtoa."



"Kaa, mama," mpelelezi akasema taratibu, akamsogezea kiti. "Nina swali dogo. Siku ile ya mvua kubwa, huyu mwanao alikuwa wapi?"

"Nyumbani," mama akasema papo hapo. "Na homa. Amelala."

Kaka akavuta pumzi ndefu, na mkanda ukapata tundu lake. Nikamwona anavyotulia. Mama alikuwa sokoni siku nzima, lakini mama gani atakumbuka hilo mbele ya polisi?

Ndipo nikaliona shati. Lilikuwa bado mikononi mwa mama, la samawati, kola imenyooka. Maji mekundu kwa matope, utafikiri anafua gunia. Homa gani hiyo inayomtia mtu matope kitandani?

Kaka naye alikuwa analitazama shati. Akainua macho, tukakutana. Kwa mara ya kwanza tangu picha ile ifunguliwe, aliniangalia usoni. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama alivyokuwa akinitikisia zamani nisimwambie mama.

Nilimwona akinishikia mwavuli. Nilimwona akisema "huyu".

"Mama," nikasema, "mwambie afande hilo shati lilifuliwa na nani."

"Mama, twende nyumbani," kaka akasema. "Mama, nipe shati, twende."

Akanyoosha mkono. Lakini mama alishalikunjua juu ya meza, analipiga pasi kwa kiganja, na tabasamu lilikuwa limeanza kumjia. Tangu siku ile ya mvua, kile ndicho kichekesho anachokipenda kuliko vyote. Ameshawasimulia majirani, ameshawasimulia wa sokoni.

"Ah, hili?" akamwambia mpelelezi, akivuta kiti. "Afande, hili lina kisa chake. Hebu ngoja nikuchekeshe."